Naomba ushauri: insha za Kiingereza, hoja inakuja mwishoni

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, Masasi.

Sarufi yao si mbaya, shida ni mpangilio. Ukiwauliza kama mkulima anufaika kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani (anaziweka ghalani kwa risiti, analipwa zikishauzwa mnadani), insha inaanza na salamu, inapita kwenye palizi, kupuliza salfa, kuokota, kubangua, halafu msimamo unatokea sentensi ya mwisho. Kwa Kiswahili cha kikao au barua kwa mjomba huo ni ustaarabu, mtu havamii jambo. Msomaji wa Kiingereza anataka jibu aya ya kwanza. Mwanaisimu Robert Kaplan aliligusia hili mwaka 1966, ingawa michoro yake ya jinsi kila utamaduni unavyopanga hoja naiona imerahisisha mno.

Nimewaagiza wapige mstari chini ya sentensi yenye msimamo, kisha waihamishie juu. Inahama kweli, ila aya za kati zinabaki simulizi: salfa inaelezwa hatua kwa hatua bila kuunganishwa na bei wala malipo. Kiunzi cha aya (hoja, sababu, mfano) nacho kimezaa insha zinazofanana kama matofali, na methali zao nzuri zimepotea.

Naomba mnisaidie mawili. Zoezi gani linamfanya mwanafunzi ageuze simulizi kuwa ushahidi? Na kwenye kusahihisha, utangulizi mrefu mnaukata alama kwenye mpangilio tu, au hata kwenye maudhui?