Kompyuta ya sebuleni, umeme unaokatika na uchaguzi kati ya Kodi na Jellyfin

Mwana wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimenunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita na RAM ya GB 8, nami nataka kuiunganisha na televisheni ili wazazi waangalie filamu pamoja na video za harusi za ukoo, ambazo hadi sasa zimetawanyika katika diski nne. Kwetu umeme hukatika bila taarifa na vifurushi vya intaneti ni ghali. Je, kati ya programu za kupanga na kuonyesha filamu, nichague Kodi, Plex au Jellyfin? Tena, video ya harusi ya dada yangu, iliyorekodiwa kwa simu katika ubora wa 4K, inakwama kila baada ya sekunde chache, ingawa filamu nyingine zinakwenda vizuri. Tatizo ni nini?

Fundi wa Kamalondo

Kwa televisheni moja, weka Kodi, na uiweke kupitia LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux ambao kazi yake ni kuendesha Kodi tu. Ninausisitiza kwa sababu ya umeme: sehemu inayobeba mfumo wenyewe husomwa bila kuandikwa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya filamu, mfumo hauharibiki kwa urahisi. Hatari inabaki kwenye diski ya filamu. Diski nyingi za nje huja na exFAT, namna mojawapo ya kupanga faili kwenye diski, ambayo haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokuwa yakiendelea diski ilipozimika ghafla; namna nyingine, ext4, huiweka. Nakili kwanza faili zako mahali pengine, kisha ndipo ufomati diski hiyo kwa ext4.

Intaneti utaihitaji Kodi inapovuta picha za majalada na maelezo ya filamu. Ikimaliza, toa maktaba yako katika faili ndogo za maelezo ziitwazo NFO, moja kando ya kila filamu, na hata ukibadilisha kompyuta hutalipia tena kifurushi kwa kazi ileile. Za harusi utaziandika kwa mkono. Mimi niliandika jina la bibi harusi, la bwana harusi na mwaka, na sasa mama yangu huzitafuta mwenyewe bila kuniita.

Kuhusu video inayokwama, icheze na ubonyeze herufi O kwenye kibodi. Ukiona SW kwenye mstari wa kisimbuzi, yaani sehemu ya programu inayofungua video, prosesa inabeba kazi yote yenyewe. HW maana yake chipu ya picha inasaidia. Ninashuku kwamba simu ilirekodi kwa HEVC, namna ya kubana video, tena ya biti 10, inayobeba rangi kwa undani kuliko ya biti 8. Kizazi cha sita cha Intel hufungua vizuri HEVC ya biti 8 ndani ya chipu, lakini ya biti 10 imekamilika kuanzia kizazi cha saba.

Mama wa Ruashi

Yaya Fundi, ninakubaliana nawe kuhusu ext4, ila usiiache Jellyfin nje haraka hivyo. Nyumbani kwangu watoto huangalia kwa simu, kila mmoja chumbani mwake, na Kodi haikuundwa kwa kazi hiyo. Jellyfin, iliyotengana na Emby, programu nyingine ya aina hiyo, mwishoni mwa 2018, ni programu huria, na akaunti zake hukaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ruta ikiwaka, filamu zinatoka kwenye kompyuta na kufika kwenye simu hata kama huna intaneti. Gharama yake ni umeme, kwani simu isipoweza kusoma faili, kompyuta hulazimika kuligeuza papo hapo, na betri ya akiba huisha mapema. Na wewe mdogo wangu, fungua kifuniko usafishe feni kabla ya yote, kwa maana vumbi jekundu la kiangazi hujaa humo hadi prosesa inapunguza kasi kwa joto.

Mwana wa Katuba

Asanteni sana. Nimesafisha feni, nikaweka LibreELEC, na nilipobonyeza O nikaona SW, kama yaya Fundi alivyoshuku. Nimeigeuza video ya dada kuwa 1080p ya biti 8, kazi iliyochukua usiku mzima, na sasa inacheza bila kukwama. Ile ya asili nimeihifadhi kwenye diski nyingine. Jellyfin nitaiongeza wadogo zangu watakapokuja likizo, kwa kuwa kwa sasa skrini ni moja.