Awara, Mother India, Mughal-e-Azam au Sholay: niwaanzishie watoto ipi?

Mjomba_Ngamiani

Wadau habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Wapwa zangu wawili wako kwangu likizo hii, wa kiume ana miaka 11 na dada yake 15. Juzi niliwauliza kama wanamjua Nargis, yule nyota wa picha za Kihindi za zamani. Wakatazamana. Raj Kapoor je? Hawamjui. Kwao picha ya Kihindi ni tamthilia ya jioni inayokwenda miezi minane bila kwisha. Nikasema hapana, hawaondoki nyumbani kwangu hivi hivi.

Nyumba niliyokulia, Jumapili mchana ilikuwa ya picha. Mama akishapakua pilau, kioo cha inchi 14 kinageuzwa kielekee uani, majirani wanaingia na mikeka yao, na ole wake atakayekatiza mbele ya kioo wakati Nargis analia. Mpaka leo nikisikia sauti ya mwimbaji Mukesh naacha ninachofanya.

Mwezi uliopita chaneli moja ilionyesha hizi nne, nami nikazirekodi zote kutoka kwenye king'amuzi. Sasa Jumapili ninayo moja tu, maana Jumanne wanarudi kwa mama yao Korogwe. Ipi iwe ya kwanza?

Awara (1951) ndiyo iliyo moyoni mwangu. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na imani yake ni kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi. Mtoto anakulia mitaani Bombay na kweli anakuwa mwizi, na siku ya hukumu anayesimama kumtetea ni binti aliyelelewa na jaji huyo huyo. Halafu ujue kwamba anayeigiza jaji, Prithviraj Kapoor, ndiye baba mzazi wa Raj Kapoor, anayeigiza huyo mtoto. Wanapotazamana mle mahakamani, ile sura moja kwenye nyuso mbili haikuhitaji kupakwa rangi. Ila picha haina rangi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa watoto wa leo.

Mother India (1957) ina rangi na ina machozi. Mughal-e-Azam (1960) ina fahari ambayo sijaiona tena kwenye picha nyingine. Sholay (1975) ina farasi, bunduki na jambazi Gabbar Singh. Kila moja inakula karibu saa tatu au zaidi, kwa hiyo nikikosea nimewapoteza mchana mzima.

Naombeni ushauri, na kila mtu aseme kwa nini.

Bint_Vuga

Mjomba usihangaike, weka Mother India.

Mimi mzaliwa wa Unguja, na sisi televisheni ya rangi tunayo tangu 1973, wakati wenzetu wa bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Lakini bibi yangu picha hii aliiona kabla ya hapo, senema ya Majestic hapa Vuga, kwenye onyesho la wanawake watupu. Alivyokuwa akituhadithia, ungedhani anamzungumzia jirani yake. Kihindi hakukijua. Kukopa na kudaiwa alikujua.

Waambie wazifuate bangili. Harusi ya Radha, huyo mama anayeigizwa na Nargis, imefanywa kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa mkopeshaji Sukhilala, na riba yake ni robo tatu ya mavuno. Basi kidogo kidogo vinakwenda: ng'ombe, vyombo vya ndani, mwisho bangili. Miaka inapita, na Birju, yule mtoto mtundu, kila kitu atasahau ila bangili za mama yake zilizo mkononi kwa mtu mwingine. Mtoto wa miaka 11 atazitafuta zile bangili mwanzo mpaka mwisho hata kama haelewi neno. Na pale mwisho Radha anaposhika bunduki, mimi sisemi kitu. Wajionee.

Tena wakimaliza wasimulie na hili: picha ikiwa inapigwa, moto uliwazidi nguvu, Nargis akazingirwa, na aliyejitosa kumtoa ni Sunil Dutt, huyo huyo anayeigiza mwanawe Birju. Mwaka uliofuata wakaoana.

Dishi_Mbagala

Wakubwa nawaheshimu, ila naomba niseme kama kijana. Mimi nimekulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani. Picha za Kihindi nimezijua kwa zile zilizotafsiriwa, DJ anaweka Kiswahili juu yake. Sholay niliielewa hivyo na niliipenda hivyo. Mjomba, ukiwawekea hawa watoto Kihindi kitupu, nusu saa tu washashika simu. Tafuta Sholay iliyotafsiriwa. Katika hizo nne ndiyo inayokimbia, maana picha hata haijapoa majambazi washaivamia treni.

Mzee_wa_Avalon

Marahaba wanangu.

Kijana wa Mbagala, nimekusikia na Sholay nakubaliana nawe. Kuhusu DJ ndipo nina neno. Kuna mahali mle ndani Jai, mmoja wa masteringi wawili, amekaa nje giza likiingia, anapuliza kinanda cha mdomo. Juu kwenye baraza Radha, mjane wa nyumba ile, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani kabisa. Muziki ule ule, taa zile zile, na macho yanakutana kwa mbali. Huo ndio uchumba wao wote. Sasa mtafsiri atasema nini hapo? Neno lolote atakalotia litakuwa limezidi.

Sisi tulipokuwa tukienda senema za Avalon na Empire hapa Dar, hapakuwa na DJ. Asiyeelewa alinong'onezwa na aliyekaa naye. Na lugha yenyewe si ngeni kama mnavyodhani. Tegeni sikio: wanasema duniya, wakt, kitab, safar, lekin. Wao na sisi tumechota kisima kimoja, Kiarabu. Kule kambini kwa Gabbar wanaimba "mehbooba", na mtu gani wa pwani asiyejua mahabuba? Mpe mpwa wako daftari na kalamu, aandike kila neno analolitambua. Hatasinzia huyo.

Kura yangu Sholay, kwa Kihindi chake.

Dishi_Mbagala

Shikamoo mzee. Kwenye zile taa nimekuelewa, leo nitairudia nione. Basi Mjomba akae katikati yao awe ananong'ona, asiwaache hivi hivi.

Mswahili_Maskati

Assalaam alaykum jamaa zangu. Niko Maskati, na televisheni za huku Ghuba zinatuonyesha picha za Kihindi na maandishi ya Kiarabu chini, kwa hiyo hizi ninazirudia kila zinapokuja. Naona Mughal-e-Azam mmeipita kama vile haipo.

Mwongozaji wake, K. Asif, alijenga ukumbi mzima wa vioo kwa ajili ya wimbo mmoja. Anarkali, mtumishi wa kasri, anacheza mbele ya Mfalme Akbar na kumwimbia usoni kwamba amependa, hajaiba, kwa hiyo hana la kuogopa. Mfalme anapandisha hasira, anainua macho darini asimwone, na kule juu kila kipande cha kioo kina Anarkali ndani yake anazunguka. Wamejaa dari nzima. Mtu mwenye majeshi na tembo hana pa kuweka macho yake. Mimi nimeiona pengine mara 20, na kila ikifika hapo mikono inanisisimka. Na Madhubala wakati anaigiza haya alikuwa na ugonjwa wa moyo, ambao mwisho ulimchukua mwaka 1969 akiwa na miaka 36 tu.

Swali langu kwa Mjomba: uliyorekodi ni ipi? Picha ilipotoka 1960 sehemu kubwa haikuwa na rangi, isipokuwa wimbo ule na sehemu za mwisho. Mwaka 2004 wakaitia rangi yote na kuirudisha kwenye senema. Wengi wanapenda hiyo ya 2004, na sikatai, nguo na vito vinapendeza. Lakini ukikaa muda wote huo kwenye nyeupe na nyeusi, halafu ghafla rangi zinawaka pamoja na vioo, unahisi kabisa kwamba kuna mlango umefunguliwa mle kasrini. Kwenye ya 2004 mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Mjomba_Ngamiani

Dada wa Maskati umenitonesha kidonda. Nimekwenda kuikagua sasa hivi. Ni ile ya 2004, na wimbo wa vioo HAUMO. Wameukata, na nyingine mbili pia, kupisha matangazo. Mfalme anafoka, anaamuru binti afungwe, na mtazamaji hajui kosa lake ni nini! Nimeudhika mpaka nimezima kioo. Ndani ya picha hizi, jambo ambalo mtu hathubutu kulisema mbele ya wazee analiimba. Ukikata wimbo umekata maneno yenyewe. Siwezi kuwaonyesha watoto kitu kilichonyofolewa namna ile. Mughal-e-Azam itangoja mpaka niipate nzima, na nitaitafuta ile ya zamani kama ulivyosema.

Lulu_wa_Kibokoni

Nyimbo hizo sisi Mombasa twazijua hata ambao picha zake hatujaziona. Marehemu Juma Bhalo alizichukua lahani za Kihindi akazitilia maneno yetu, harusi ngapi tumezichezea! Mie nilipokuja kuziona picha zenyewe kwenye televisheni, nilikuwa nikiruka kwenye kiti: kumbe ndio huu!

Mjomba, hiyo hofu yako ya rangi iondoe. Wangu niliwaanza na Awara, tena si mwanzo. Niliwawekea kwanza ile ndoto peke yake: mawingu yamefunika sakafu, ngazi yapanda haijulikani yaishia wapi, masanamu makubwa kama nyumba, na Nargis juu amwita Raj Kapoor aliyeko motoni. Yasemekana ndoto ile tu iliwachukua miezi mitatu kuipiga. Wangu hawakuuliza rangi iko wapi. Waliuliza huyu mtu afanyani huko motoni, nikawaambia basi twende mwanzo mujue.

Na Sholay, mtanisamehe, kwa wa miaka 11 mie naihofia. Ile jamaa ya Thakur, yule polisi mstaafu, yauawa mmoja mmoja uani mchana kweupe, kisha pembea yabaki yalia peke yake. Mimi mtu mzima pembea ile huisikia usiku.

Mzee_wa_Avalon

Bi Lulu una haki kabisa. Ila kumbuka yule mtoto mdogo hawakumwonyesha. Mlio wa bunduki unausikia, na papo hapo picha inahamia kwenye treni. Waliotengeneza walijua pa kusimama.

Mjomba nawe ujue picha hii ina miisho miwili. Uliyoirekodi bila shaka ni ile tuliyoizoea, polisi wanafika na kumzuia Thakur asimmalize Gabbar. Hivyo ndivyo wakaguzi walivyotaka mwaka 1975. Mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua kwa miguu yake, maana mikono Gabbar alishamkata. Walipotimiza miaka 50 wakaisafisha upya, na 2025 ikaonyeshwa Bologna, Italia, na mwisho wake wa awali. Mimi natamani sana kuiona. Kwa watoto, hiyo ya polisi inatosha.

Bint_Vuga

Mie bado niko kwenye bangili. Mjomba tupe habari Jumapili.

Mjomba_Ngamiani

Wadau, Jumapili saa nne usiku hii, wamelala ndiyo naandika.

Jana usiku nilifuata ushauri wa Bi Lulu, nikawawekea ndoto ya Awara peke yake. Dakika zile zote hakuna aliyeshika simu. Leo tukaweka Sholay, Kihindi chake, mimi katikati nanong'ona. Tulipofika kwenye mauaji ya uani nilimwomba mdogo akaniletee maji ya kunywa, akarudi pembea ikiwa imenyamaza.

Daftari lina maneno 17. La kwanza "lekin", la mwisho "dunia", na moja ameandika "karibu" na kulipigia mstari mara mbili.

Alipokufa Jai, mdogo alisimama. "Mjomba, steringi hafi!" Nilimwambia hii ndiyo picha iliyonifundisha mimi pia kwamba anakufa, nikamshika bega akakaa. Dada yake hakusema kitu. Yeye alikuwa ameshanyamaza tangu kwenye taa. Radha alipofunga lile dirisha polepole, nikasikia amevuta pumzi ndefu, na picha ilipokwisha akaniuliza kama naweza kumwekea Mother India kwenye flashi akaitazame na mama yake Korogwe. Bint Vuga, nimemweleza habari ya bangili, basi.

Mdogo yeye amechukuliwa na ile sarafu ya Jai yenye pande mbili sawa. Kabla ya kulala alikuja chumbani kwangu na sarafu ya shilingi 200, akaigeuza taani: huku Karume, huku simba. Anataka ya pili, na gundi, na tupa ya kusagia ukingo. Anataka Karume pande zote mbili.