Msaada wa haraka: mtetea wangu kalala nje kwenye mvua ya mawe, kakakamaa ila bado anapumua

mama_wawili_kasulu (saa 12:40 asubuhi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika haraka haraka maana simu ina chaji 30 na umeme umekatika tangu jana. Niko Kasulu huku milimani upande wa Heru Juu, jana jioni ilishuka mvua ya mawe ambayo sijaiona tangu niolewe huku, bati linalia mpaka ndani hatusikilizani, halafu upepo juu yake. Mtoto alifunga banda mapema akijua kuku wote wameingia, kumbe mtetea wangu mmoja wa mbegu ya kuchi yuko nje na vifaranga wake tisa wa wiki tatu.
Asubuhi hii natoka namkuta chini ya migomba, kalala kwenye tope kawakumbatia wanae, vifaranga watatu wameshakufa sita wazima wanalia tu. Yeye mwenyewe nilijua kaenda, miguu imenyooka ya baridi kama chuma, macho kafumba, upanga wa kichwani umepauka, ila nikimshika kifuani nasikia moyo kwa mbaaali na mdomo anaufungua kidogo.
Mama mkwe anasema nichinje sasa hivi kabla hajawa kibudu, na kisu kashakitoa. Mimi roho inaniuma, huyu kuku nilitoka naye Tabora kwetu akiwa mdogo kwenye tenga, ndio mama wa kuku wote nilionao. Mkaa upo, kuni zipo. Nianze na nini, nimsogeze motoni? nimnyweshe maji ya moto?

jogoo_la_jirani (12:44)
Dada na hiyo baridi ya Kasulu supu ya kuchi inaingia yenyewe hahahaha

mzee_wa_tenga (12:51)
Marahaba binti. Wewe jogoo acha utani mtu ana shida.
Nenda kwa mama mkwe kwa heshima zote mwambie akupe masaa mawili tu, kisu hakiozi. Halafu hivi. Kwanza MKAUSHE, kabla ya moto na kabla ya maji na kabla ya dawa yoyote. Kuku mwenye manyoya makavu anajipasha mwenyewe, hewa inakaa katikati ya manyoya inamfunika kama blanketi, sasa yakilowa mpaka ngozini hilo blanketi hana tena na upepo unamnyonya joto lote. Na kuchi ndio zaidi maana manyoya yake machache tangu kuzaliwa. Chukua kanga kuukuu au taulo, mkandamize kandamize usimsugue, ikilowa badili nyingine. Fungua chini ya mabawa na tumboni huko ndio maji yanajificha. Kama ana tope usimwogeshe, tope litadondoka lenyewe siku nyingine.
Motoni usimsogeze kabisa, mwili umekufa ganzi, ataungua na hatakwambia. Tafuta chupa mbili za maji za plastiki, jaza maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unavumilia kushika, zifunge kitambaa, mlaze kwenye boksi katikati ya chupa, juu funika kanga kavu acha kichwa nje. Maji yakipoa badili. Apate joto taratibu.
Mdomoni usimpe KITU mpaka aweze kunyanyua kichwa mwenyewe. Narudia hapo maana wengi ndio wanapoulia.

dada_mawese (12:58)
Sisi huku Mwanga kuku akipigwa na mvua tunampa kijiko cha mawese ya uvuguvugu na tangawizi kidogo anaamka, bibi yangu alikuwa anafanya hivyo. Na wengine wanampa gongo kifuniko kimoja.

msaidizi_mifugo (1:05)
Dada mawese bibi yako namheshimu, ila huyu kuku hajitambui. Tundu la pumzi la kuku liko hapo hapo nyuma ya ulimi, ukimmiminia mafuta hana nguvu ya kumeza yanakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, saa nane mchana anakufa watu wanasema baridi ilimzidi. Gongo ndio usithubutu, pombe inakufanya ujisikie moto huku joto la ndani linatoka, hata binadamu wanaolewa wakalala nje hufa hivyo hivyo.
Mama wawili nakuuliza: hao wengine ndani ya banda wazima? Kuna anayeharisha kijani au kupinda shingo? Na kideri (Newcastle) umechanja lini?

mama_wawili_kasulu (1:50)
Samahani nilikuwa na kazi. Mama kakubali ila kakaa mlangoni na kisu chake ananiangalia. Nimemkausha na kanga mbili na shuka ya mtoto, jirani ana saluni nikakumbuka drayer yake nikakimbia kumbe na yeye hana umeme hahaha akili imeruka. Nikakosea kitu, boksi niliweka karibu na jiko nikasikia harufu ya manyoya nikalitoa mbio. Sasa hivi yuko kwenye chupa. Chupa nilizopata ni moja ya maji na moja ya mafuta ya kupikia.
Wengine wote wazima 14 wanakula. Hakuna anayeharisha. Chanjo nilidondosha ya jicho kama miezi miwili imepita.
Ila bado wa baridi jamani, na jiko nimeliingiza chumbani nimefunga mlango joto lisitoke

msaidizi_mifugo (1:53)
TOA HILO JIKO AU FUNGUA DIRISHA SASA HIVI. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua familia nzima bila kelele, kuku baadaye kwanza wewe na watoto. Chemshia maji nje, ndani ziingie chupa tu.
Kuhusu kideri basi siyo, kideri hakichagui mmoja aliyelala nje kikaacha 14. Hii ni baridi tupu.

mama_wawili_kasulu (1:57)
Nimetoa. Asante kaka, sikuwaza kabisa

unyanyembe_kuku (2:20)
Mwangaluka dada wa nyumbani. Mimi niko Uyui, na watu wanadhani Tabora ni joto tu waje mwezi wa 6 na wa 7 usiku waone. Mwaka wangu wa kwanza kufuga niliwaweka vifaranga wa chotara kwenye chumba chenye sakafu ya saruji, pumba za mpunga nikaweka kiduchu nikibana hela, usiku wakarundikana kona moja, asubuhi wa chini wamekufa kwa kukandamizwa na wa juu kwa baridi. Nilikaa kwenye ndoo nikawaangalia tu sikuongea na mtu.
Kipimo nilichojifunza hakihitaji mashine. Kuku mzima joto lake 41 mpaka 42, sisi 37, kwa hiyo ingiza mkono chini ya bawa hapo kwenye nyama, kama mzima unasikia ana moto kuliko wewe. Ukisikia yeye ndio anapooza mkono wako endelea na chupa. Ukisikia mko sawa sawa umefika nusu ya njia. Usimwangalie miguu, miguu inachelewa sana kupata joto itakukatisha tamaa bure.

jogoo_la_jirani (2:31)
Haya na mimi niwe mtu mzuri. Mpe OTC dada, ile antibaiotiki, dukani kwa dawa za mifugo ipo

msaidizi_mifugo (2:40)
Antibaiotiki haipashi mtu joto kaka. Hana ugonjwa sasa hivi ana baridi, na dawa ukishampa mayai yake huli siku kadhaa kwa kazi ambayo haikuwepo. Akianza kukoroma au kutoa makamasi siku mbili tatu mbele, hapo amwone afisa mifugo wa kata ndio waongee habari ya dawa.

mama_wawili_kasulu (3:35)
Jamani kafungua macho!! Ila sasa anatetemeka mwili mzima mpaka boksi linatikisika ndio anakata roho au? Mama kanyanyuka na kisu

mzee_wa_tenga (3:38)
Mwambie mama akae. Kutetemeka ndio habari njema yenyewe, mwili umepata nguvu ya kujitengenezea moto, asubuhi alikuwa hatetemeki kwa sababu alikuwa ameshindwa. Badilisha maji ya chupa, usiongeze moto kuliko wa kwanza.

mama_wawili_kasulu (4:25)
Ananyanyua kichwa mwenyewe na kanigonga na mdomo nilipomfunika. Chini ya bawa sasa ana joto kama langu. Nimpe nini? Mama anasema ugali

mzee_wa_tenga (4:34)
Hahaha mama kashahamia upande wetu. Ugali bado. Kikombe nusu cha maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha sukari, chumvi usiweke. Chovya kidole au tumia bomba la sindano bila sindano, tone moja pembeni ya mdomo, subiri ameze mwenyewe uone koo linacheza, ndio tone lingine. Akigoma acha robo saa.
Chakula ni mpaka awe na joto kamili na amejisaidia, kwa sababu kuku wa baridi tumbo limesimama, ukimjaza gole, ule mfuko wa chakula shingoni, chakula kinakaa humo kinachacha. Jioni ndio umpe uji mwepesi wa dona au yai la kuchemsha ulipondeponde, kidogo tu.

dada_mawese (4:50)
Na yai la kuku anakula kuku? Haya mimi najifunza

unyanyembe_kuku (4:52)
Anakula dada na anapenda sana, lichemshwe tu na uliponde vizuri asilitambue ukaja kumzoesha kula mayai yake.
Vipi vile vifaranga sita mbona kimya?

mama_wawili_kasulu (5:10)
Vifaranga nimeviweka boksi la pili na chupa moja na maranda, vimejikusanya kwenye chupa vinasinzia. Nivirudishe kwa mama yao?

unyanyembe_kuku (5:18)
Bado, leo hana joto la kuwagawia, watamnyonya hata hilo alilopata. Wewe waangalie wanavyokaa, wakirundikana na kulia chupa imepoa, wakikimbilia mbali na kupanua midomo umezidisha, wakitawanyika wanadonoa donoa hapo sawa. Wiki tatu bado manyoya ya kweli hayajajaa. Na wale waliokufa wachimbie shimo refu mbwa asiwafukue.

mama_wawili_kasulu (kesho yake, saa 1:15 asubuhi)
Habari za asubuhi wote. Umeme umerudi saa tano usiku. Kalala jikoni, jana jioni kala nusu yai na usiku nimemwamkia mara mbili kubadili chupa, leo nimemkuta amesimama, anachechemea mguu wa kushoto lakini amesimama. Chini ya bawa wa moto kuliko mimi. Kinyesi katoa. Nimemwachia vifaranga wawili kwanza kawaita mwenyewe kwa ile sauti yao nikatokwa na machozi msinicheke.

msaidizi_mifugo (1:30)
Safi sana. Asirudi bandani leo wala kesho, wenzake wakimwona anachechemea watamdonoa, mpaka atembee vizuri. Sikiliza pumzi asubuhi na usiku kama haikoromi.
Na hilo banda? Maana ulisema 14 walikuwa ndani, maji hayakuingia?

mama_wawili_kasulu (1:47)
Yaliingia kona moja. Fundi alikula hela yangu akaweka bati fupi upande ule upepo unakotokea, nikimpigia hapokei. Nimewaza nizibe kwa turubai

mzee_wa_tenga (1:55)
Turubai sawa ila usizibe mpaka juu, acha nafasi chini ya bati hewa ipite, banda lililozibwa lote linajaa unyevu wa pumzi zao na kinyesi, harufu inawachoma macho, na maranda yakilowa ndio ubaridi wenyewe. Waweke vijiti vya kulalia juu ya sakafu, kuku akipanda pale anakalia miguu yake inapata joto. Maranda yaliyolowa yatoe yote leo usiongezee makavu juu yake. Na jioni hesabu, binti. Usimwachie mtoto.

mama_wawili_kasulu (2:03)
Nitahesabu. Mama mkwe anawasalimia, ndio anakaanga maharage saa hizi na kuku kamlalia karibu na miguu, anasema asisogezwe

jogoo_la_jirani (2:10)
Kwa hiyo supu hakuna. Mayai ya kutotolesha ya huyo kuchi utauza bei gani akianza tena kutaga?