Ukoo wa Ilala: Sinema ya Bibi Jumamosi

*Shangazi Zu:* Asalaam aleikum wote. Jumamosi baada ya Isha tunamwekea Bibi Sangam, ile sinema ya Kihindi, uani kwake. Shuka jeupe ninalo, projekta ya Juma. Inakaribia masaa manne, mle mapema. Kahawa analeta nani?

*Shangazi Zu:* Tiki za bluu naziona jamani.

*Juma Tabata:* Masaa manne shangazi?? Hiyo sinema au lindo 😂

*Rehema:* 😂😂 nabeba mto

*Shangazi Zu:* Juma acha. Ya 1964 hiyo, Raj Kapoor kaongoza mwenyewe na kaigiza mwenyewe, filamu yake ya kwanza ya rangi. Sundar anampenda Radha, Radha moyo wake uko kwa Gopal, na Gopal ndiye swahiba wa Sundar toka utotoni. Sundar rubani, inasemekana kafa vitani. Akirudi mzima, Gopal anajitoa kimya kimya. Mimi hapo huwa sijiwezi.

*Mjomba Kigamboni:* Mwenye kosa Gopal. Wanaume wawili wanatunziana urafiki, mwanamke hajaulizwa hata neno.

*Mama Aisha:* Mie ile barua ndiyo inanimaliza. Haina jina la aliyeiandika. Sundar anamsumbua mkewe amtaje, na mwandishi ndiye huyohuyo rafiki anayekaa naye.

*Baba Mdogo:* Barua mnazijua za Wahindi tu. Ile ya Magomeni nani kaiuliza humu? Mimi na Kassim tusiwekwe ua mmoja, tafadhali.

*Rehema:* 👀

*Juma Tabata:* Mwenye ekstensheni ndefu? Soketi iko mbali na ua

*Shangazi Zu:* Baba Mdogo usianze. Kassim nishamwalika, Bibi kamtaka mwenyewe.

*Baba Mdogo:* Basi Jumamosi nina safari.

*Rehema:* Eti mwisho Gopal anajipiga risasi?

*Juma Tabata:* Aaah Rehema ushatumalizia uhondo!! 😭

*Simu ya Bibi:* Naandikiwa na mjukuu. Sinema hiyo niliwapeleka mimi, wewe na Kassim, Drive-in ya Msasani, pale penye ubalozi wa Marekani sasa. Mlilia wote wawili, nikawafuta kamasi kwa pindo moja la kanga. Barua ya Magomeni mwenyewe alinisomea kabla hajaichana, na hakuna aliyeibiwa. Jumamosi nawataka nyote uani. Asiyekuja, na kwenye maziko yangu asije.

*Mama Aisha:* Mama usiseme hivyo 😢

*Shangazi Zu:* Baba Mdogo umesoma?

*Shangazi Zu:* Baba Mdogo?

*Mjomba Kigamboni:* Kahawa juu yangu.

*Mama Aisha:* Mie kashata.

*Shangazi Zu:* Habari za asubuhi. Bado ekstensheni. Bado Baba Mdogo.

*Baba Mdogo:* Inaanza saa ngapi

*Shangazi Zu:* Saa mbili na nusu kamili. Ndiyo unakuja?

*Juma Tabata:* Ekstensheni ya jirani ni fupi, labda tuhamie sebuleni

*Shangazi Zu:* Sebuleni hawatoshi! Baba Mdogo, nijibu.