Kompyuta ya kujiunganishia, kazi inapiga ila ndani haitazamiki. Kava nazitengenezaje?

waya_njano:
Wakuu habari za muda huu. Mashine yangu nimeiunganisha mwenyewe kidogo kidogo, leo ramu kesho diski, mpaka imekamilika na inapiga kazi vizuri kabisa, sasa shida iliyobaki ni muonekano. Kesi ina kioo ubavuni na kioo kinaonyesha kila kitu. Pawa saplai imekaa chini na ni ile ambayo waya zote zimetoka humo humo huwezi kuchomoa, njano, nyekundu, nyeusi, chungwa, na zile nisizozitumia zimejazana pale mbele yake kama nyavu iliyotoka majini. GPU, yaani kadi ya picha, nayo niliichukua ikiwa imeshatumika, mgongoni iko wazi, unaona bodi na nukta za lehemu.

Nataka nitengeneze kava mbili, moja ifunike pawa saplai pamoja na huo mrundo, nyingine ya mgongo wa GPU. Nilichonacho ni kadibodi, bati jembamba la alumini na stika yenye michoro ya kaboni. Naogopa joto na naogopa shoti. Aliyewahi kufanya naomba anielekeze, maelezo tu yanatosha.

fundi_kasha:
Mkuu hongera kwa kuunganisha mwenyewe. Kadibodi usiitupe, ila isiwe kava yenyewe, iwe kipimo. Pawa saplai ya ATX, ile saizi ya kawaida ya kompyuta za mezani, ni upana mm 150 na kimo mm 86, huo ndo utaratibu wake, urefu ndo unabadilika, nyingi ni mm 140 ila we pima ya kwako. Kata kadibodi, ikunje iwe na sura ya L, yaani paa na ubavu unaotazama kioo, iingize kwenye kesi halafu funga kioo uone kama kinakaa. Watu wengi wanapima boksi lenyewe wanasahau zile waya pale zinapotokea, zinatanuka na hazikubali kukunjwa ghafla, ziachie nafasi ya kutosha mbele.

Kipimo kikikaa sawa ndo unahamia kwenye akriliki ya mm 3, ile plastiki ngumu kama kioo. Haihitaji msumeno kama mistari imenyooka, unaweka rula ya chuma unapitisha kisu mstari ule ule mara nyingi, kumi hata kumi na tano, usikandamize kwa hasira, ukiona mfereji umeingia vizuri unaupanga kwenye ukingo wa meza unabonyeza mara moja, inakatika na sauti kali na ukingo unatoka safi. Kukunja kwa moto kunataka mazoezi, kwa mara ya kwanza unganisha vipande viwili na gundi ya akriliki.

Swali moja la muhimu, feni ya pawa saplai imetazama juu au chini?

waya_njano:
Imetazama juu mkuu.

fundi_kasha:
Basi ukiifunika hivyo unaiziba pumzi, itakuwa inavuta hewa kutoka kwenye kijisanduku kilichofungwa. Angalia sakafu ya kesi kama ina matundu, kama yapo na kesi ina miguu, igeuze feni itazame chini ivute hewa ya nje. Kama hayapo, paa la kava lazima litobolewe eneo lote la feni. Na nyuma inapotolea joto pasiguswe kabisa.

mama_solda:
Mdogo wangu hilo bati la alumini liache mbali na GPU, nakuomba. Mimi niliwahi kuweka bati mgongoni mwa kadi, nikabandika stika upande wa nje tu, wa ndani nikaacha hivi hivi kwa kuwa niliona pana nafasi. Nilivyokaza skrubu bati likapinda kidogo sana likagusa nukta mbili za lehemu. Nilipowasha feni zikazunguka nusu mzunguko zikasimama, pawa saplai ilijizima. Kadi ilipona lakini siku ile moyo ulinienda mbio.

Tumia akriliki hiyo hiyo, iinue kwa washa za plastiki isilale juu ya bodi. Skrubu nne zenye springi zinazozunguka chipu usizifungue, hizo ndo zimeshika hitisinki, kile chuma cha kupoza chipu, ukizilegeza itabidi usafishe na kupaka upya pesti ya kupitisha joto. Na hapo nyuma ya chipu kata dirisha, pana joto, usipafunike. Kama una mtu wa kukuprintia kava ya 3D mwambie asitumie plastiki ya PLA, ile inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, mgongo wa GPU unafika huko bila shida.

Stika yako ya kaboni kama ni vinili, yaani plastiki tu, haina tatizo. Kaboni yenyewe halisi ndo inapitisha umeme, hiyo usiisogeze karibu.

rangi_mbili:
Naongezea upande wa rangi. Akriliki ikwangue kwanza na msasa namba 400, ifute vumbi, halafu puliza nyepesi nyepesi mara tatu nne, kila tabaka likauke, ukipuliza nzito inachuruzika na hapo ndo kazi inaonekana ya haraka haraka. Rangi isiyong'aa inaficha makosa mengi. Iache nje ya kesi mpaka harufu iishe.

Halafu usije ukafungua pawa saplai ukate waya za ziada, mle ndani kapasita zinakaa na umeme hata ukiwa umechomoa ukutani. Zifunge na zip tai nyuma ya kava. Na kabla ya kufunga chochote cheza gemu moja nusu saa, andika joto la GPU, ukishafunga cheza lile lile uandike tena.

waya_njano:
Asanteni sana, shikamoo mama_solda, bati nimelirudisha stoo. Sakafu ina matundu, pawa saplai nimeshaigeuza. Kadibodi ya kwanza ilikataa kioo kufunga kwa ajili ya ile waya nene ya pini 24, ya pili nikasahau tundu la waya za SATA za kwenda kwenye diski, ya tatu ndo imekaa. GPU kabla ya kava imefika nyuzi 71. Kesho nakata akriliki.

mama_solda:
Marahaba. Toa kila kitu kwenye kesi kabla ya kutoboa matundu, unga wa akriliki unanasa kwenye feni vibaya.