Majani ya chini ya sikadi yanageuka manjano: niongeze maji?

Swali
Habari zenu. Nina sikadi ya aina ya Cycas revoluta niliyoipanda mwaka jana kwenye udongo wa mfinyanzi. Majani ya chini yamegeuka manjano, ingawa mapya yaliyochomoza katikati bado ni ya kijani. Nimekuwa nikiimwagilia kila siku nikidhani ina kiu, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Je, niyakate majani hayo?

Jibu la 1
Tafadhali acha kumwagilia kwanza. Ingawa kwa umbo hufanana na mnazi mfupi, sikadi si jamii ya minazi, na shina lake nene huhifadhi maji na wanga, kwa hiyo huvumilia kiu kuliko mizizi iliyolowa. Libonyeze kwa kidole gumba pale linapokutana na udongo. Likiwa gumu, mmea utapona. Likibonyea, uozo umeanza, na itakubidi uung'oe, ukate sehemu yote iliyooza, uache jeraha likauke kivulini, kisha uupande upya katika mchanga wenye kokoto. Majani usiyakate kabla hayajakauka, kwa sababu mmea bado unavuta virutubisho vilivyomo.

Jibu la 2
Naafiki kuhusu maji, ila tazama pia ni majani yapi yanayougua. Yakiwa ya zamani, mara nyingi ni upungufu wa magnesi. Yakiwa mapya, yakachomoza yamejikunja na kukauka kana kwamba yameungua, ni upungufu wa manganizi. Vilevile geuza jani: vidoa vyeupe vilivyosongamana upande wa chini ni wadudu wa magamba, ambao huweza kuua sikadi nzima wasipodhibitiwa mapema.

Muulizaji
Shina ni gumu, nashukuru sana, na chini ya majani hakuna vidoa. Hata hivyo, nilipofukua kidogo nimekuta vimizizi vilivyovimba na kugawanyika kama matumbawe, vikielekea juu. Nilikuwa karibu kuving'oa.

Jibu la 1
Usiviguse! Ndani yake wanaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ukikata kimoja utaona utepe wa kijani, lakini heri usikate. Vifukie taratibu, inua tuta ili maji yasituame, na umwagilie tena pale tu udongo utakapokuwa umekauka. Kama unafuga mbwa, ziondoe mbegu zikidondoka, maana zina sumu kali inayoharibu ini.