Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuovakloki (kupandisha kasi kupita ya kiwandani), taa ya DRAM haizimi

kifaru_mpole
Wakuu, habari za saa hizi. Mashine ni Ryzen 5 3600, mazabodi ni MSI B450 Tomahawk Max, ramu mbili za 8GB DDR4-3200. Niliingia BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) nikapandisha prosesa hadi 4.3 GHz kwa 1.325 V, ramu nikaivuta hadi 3800 na FCLK (kasi ya njia ya ndani ya prosesa inayoiunganisha na ramu) 1900. Nikasevu, ikazima, basi. Feni zinazunguka, monita nyeusi, taa ya DRAM inawaka tu. Nimechomoa betri dakika moja nikairudisha, hali ni ileile. Nimeunguza prosesa?

bisibisi_nyota
Sidhani mkuu. Zile taa nne huwaka kwa zamu: CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya picha), BOOT (diski ya kuanzia). Yako imeshavuka CPU ikakwama kwenye ramu, na kwa namba ulizoweka hapo ndipo ningetarajia ikwame.

Swali langu ni moja: ulipotoa betri, waya wa umeme ulikuwa bado ukutani? Pawa saplai iliyochomekwa hutoa 5 V za kusubiri hata mashine ikiwa imezimwa, na hizo zinatosha kuitunza mipangilio ya BIOS. Betri ingekaa nje wiki nzima na bado 3800 yako ingebaki palepale.

Zima swichi ya nyuma, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe. Toa betri (CR2032), subiri dakika 10. Ikiwa kadi ya picha imeifunika, usihangaike nayo: tafuta pini mbili za kufutia mipangilio ya BIOS, zilizoandikwa JBAT1, ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi sekunde 5 hadi 10. Pini hizo usiziguse umeme ukiwepo, hapo ndipo watu huua mazabodi nzima.

mwana_wa_saketi
Naongezea. Kabla ya kuiwasha toa ramu zote mbili, rudisha moja tu kwenye DIMMA2, yaani nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Isukume hadi klipu zilie. Ukiwasha, iache dakika mbili tatu hata ikijizima na kujiwasha, maana inajaribu ramu upya. Ukiikatiza kila mara unairudisha mwanzo. Waya wa monita uwe kwenye kadi ya picha, 3600 haina picha yake yenyewe.

Chanzo ninavyoona ni FCLK. Ramu ya 3800 inataka FCLK 1900 ili viende sambamba, na 3600 nyingi haziwezi kufika huko, hukomea 1800 au juu yake kidogo. Tena ramu zenyewe zimeuzwa kama 3200. Umebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, sasa kosa la kipi utajuaje?

kifaru_mpole
Kweli waya ulikuwa ukutani! Nimechomoa, nimegusa JBAT1, imewaka na ramu moja, na ya pili nayo nimeirudisha. Ila sasa Windows 11 inadai ufunguo wa BitLocker (ulinzi unaofunga diski).

bisibisi_nyota
Hiyo ni kwa sababu BIOS imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani na fTPM (sehemu ya usalama ya prosesa inayotunza funguo) huenda imezimika. Usiingize chochote kwanza. Rudi BIOS, washa fTPM, sevu. Mara nyingi Windows itafunguka yenyewe. Ikitokea skrini inayouliza Y au N kuhusu fTPM, chagua N. Y inafuta funguo zilizomo. Ikigoma kabisa, ufunguo wa tarakimu 48 utaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft kama ulihifadhiwa huko. Rekebisha na tarehe hapohapo, la sivyo kivinjari kitakataa tovuti kikidai vyeti vyake ni batili.

mwana_wa_saketi
Ukitaka kupandisha kasi tena, anza na A-XMP (mipangilio ya ramu iliyowekwa tayari na mtengenezaji wake) ya 3200 peke yake, prosesa usiiguse. Endesha MemTest86, programu ya kupima ramu, mizunguko minne. Kosa hata moja ni kosa, usilipuuze kwa kuwa gemu inacheza vizuri. Ramu yenye makosa huharibu faili za Windows kimyakimya. Ikipita, jaribu 3600 na FCLK 1800, ramu 1.40 V, SOC (sehemu ya prosesa inayosimamia ramu) 1.1 V. Ikigoma rudi 3200 ukae hapo, tofauti kwenye gemu ni ndogo.

Prosesa iachie PBO, mfumo wa AMD unaopandisha kasi wenyewe. 4.3 GHz kwa kori zote sita si kila 3600 inayoiweza, na ukifunga kasi kwa mkono unaweza kupoteza hata ule mruko wa 4.2 wa kori moja unaopewa bure, pale ambapo chipu yako inaishia 4.1. Mipangilio iliyopita majaribio isevu kama profaili kwenye flashi ya FAT32, maana profaili zinazobaki ndani ya BIOS hazina uhakika ukija kusasisha BIOS.